Jinsi ya kusoma historia ya dunia katika chuo cha Kikristo

Kozi ya historia ya dunia katika chuo cha Kikristo huuliza maswali ya aina mbili. La kwanza: nini kilitokea, kwa nini, na tunajuaje? La pili: jambo hilo lina maana gani kwa mtu mwenye imani? Yote mawili ni halali, na mhadhiri anaweza kuyauliza ndani ya wiki moja. Alama hupotea pale mwanafunzi anapojibu la pili ilhali ameulizwa la kwanza. Ukiulizwa kwa nini Roma ilitekwa mwaka 410, kuandika kwamba Mungu aliihukumu si jibu, hata kama unaamini hivyo kwa moyo wote. Hakuna barua, sarafu wala ukuta uliobomoka unaoweza kuthibitisha au kukanusha dai hilo. Madai ya Alariki na Wavisigothi wake, yaani watu walioiteka Roma, ya kupewa ardhi, nafaka na dhahabu, pamoja na serikali ya kaisari kule Ravenna iliyokataa kufikia mapatano nao, hayo yanapimika.

Na tahadhari hii haikuletwa na wasioamini. Augustino wa Hippo alianza kuandika Mji wa Mungu mnamo 413, wakati wapagani walipokuwa wakisema Roma imetekwa kwa sababu imeitupa miungu yake. Angeweza kuwajibu kwa kujifanya anajua mpango wa Mungu kwa kila dola. Badala yake alitenganisha hatima ya mji wa Mungu na hatima ya milki yoyote ya duniani, Roma ikiwemo. Ukibanwa na mwenzako anayeona kuwa kuzungumzia sababu za kibinadamu ni kukosa imani, mkumbushe habari hiyo.

Kabla ya mhadhara wa kwanza

Pata muhtasari wa kozi uusome mpaka mwisho, hasa jedwali la alama. Kozi nyingi za historia ya dunia hugawanywa mihula miwili, na mpaka wake mara nyingi ni mwaka 1500 au karibu na hapo. Angalia mambo matatu: insha zina uzito gani ukilinganisha na mtihani, vyanzo vya msingi (maandishi na vitu vya wakati wa tukio lenyewe au wa karibu nao) vinasomwa wiki zipi, na kama kuna insha ya kuoanisha imani na taaluma. Insha hiyo ndiyo mahali pa swali la aina ya pili, na ina vigezo vyake vya kusahihishia. Usiiache mpaka wiki ya mwisho, maana haiandikwi kwa hisia tupu. Inahitaji tukio halisi, ushahidi wake, kisha tafakuri.

Kwa kozi ya saa 3 za darasani kwa wiki, panga saa 6 za kusoma peke yako. Kitabu cha kiada, ukiandika muhtasari, huenda kwa kasi ya kurasa 20 hivi kwa saa. Chanzo cha msingi huenda polepole zaidi, kurasa 6 hadi 8 kwa saa, na hiyo ndiyo kasi yake ya haki. Kwa hiyo saa 3 ziende kwenye kitabu, saa moja na nusu kwenye vyanzo, zinazobaki uzitumie kurudia maandishi yako na kujaza kalenda ya matukio. Anayeahirisha kazi ya kurudia hadi wiki ya mitihani hukuta ana daftari zima la maneno ya mhadhiri asiyoyaelewa tena.

Sura ya kwanza ya kitabu huwasumbua wengi, kwa sababu huanza na binadamu wa kale na miaka mamia ya maelfu. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alichapisha hesabu yake iliyoweka uumbaji mwaka 4004 KK, na wapo Wakristo wanaoishikilia hadi leo. Wapo wengi pia wasioishikilia. Jua msimamo wa chuo chako, lakini jua zaidi jinsi tarehe inavyopatikana: upimaji wa kaboni hufanya kazi kwenye vitu vilivyowahi kuwa hai, kama mifupa, mbao na makaa, na hufikia takriban miaka 50,000 tu. Vitu vya zamani zaidi hupimwa kwa njia nyingine. Ukiulizwa kwenye mtihani, eleza njia na matokeo yake. Kama hukubaliani nayo, sema unapinga hatua ipi ya njia hiyo. Kusema tu "mimi siamini" hakukupi alama, wala hakumshawishi mtu.

Tarehe na hesabu zake

Usikariri tarehe mia tatu. Chagua 40 za kushikilia nyingine, uzijue kama jina lako, kisha kila jambo jipya uliweke kati ya tarehe mbili unazozijua. Hakikisha 40 hizo hazitoki bara moja. Zikiwa ni za Ulaya tupu, kama Konstanz, Worms na Westphalia, umesoma historia ya kanisa la Ulaya ukadhani ni ya dunia. Weka Hijra ya 622, weka hija ya Mansa Musa, mfalme wa Mali, ya 1324, weka kuanguka kwa Baghdad mikononi mwa Wamongolia mwaka 1258.

Makosa ya hesabu ni ya kipuuzi lakini hugharimu. Utaratibu wa kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo ulibuniwa na mtawa Dionysius Exiguus mwaka 525, naye hakuweka mwaka 0. Baada ya 1 KK unakuja mara moja 1 BK. Kwa hiyo ukitaka kujua miaka iliyopita kati ya kuuawa kwa Julius Caesar (44 KK) na kifo cha Augusto (14 BK), jumlisha 44 na 14 upate 58, kisha toa 1. Jibu ni miaka 57. Wanafunzi wengi huandika 58. Tena, Herode Mkuu alikufa mwaka 4 KK kwa hesabu ya wanahistoria wengi, kwa hiyo Yesu alizaliwa kabla ya hapo. Dionysius alikosea kwa miaka michache, basi, na hilo halina la kutisha.

Karne nazo: mwaka 1453 uko karne ya 15, mwaka 701 KK uko karne ya 8 KK. Na kalenda ilibadilika. Katika nchi za Kikatoliki zilizoanza mapema, siku iliyofuata Alhamisi tarehe 4 Oktoba 1582 ilikuwa Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Uingereza ilingoja hadi 1752, na Urusi hadi 1918, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 yaliangukia tarehe 7 Novemba kwa kalenda tunayotumia sasa. Ukikuta vitabu viwili vimetofautiana kwa siku kumi na kitu, kwanza shuku kalenda kabla hujashuku mwandishi.

Kusoma chanzo cha msingi

Hapa ndipo kozi ilipo hasa. Kila chanzo kiulize: nani ameandika, lini ukilinganisha na tukio lenyewe, kwa ajili ya nani, alitaka kupata nini, na amenyamazia nini. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye mazao mengi.

Chukua vita vya Senakeribu, mfalme wa Ashuru, dhidi ya Yuda mwaka 701 KK. Ni mfano mzuri kwa sababu Biblia na adui wa Yuda wote wameandika. Senakeribu aliandikisha habari zake kwenye vipande vya udongo wa kuchoma vyenye pande sita. Anasema aliteka miji 46 yenye ngome, akachukua watu 200,150, akamfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege kizimbani, na baadaye akapokea talanta 30 za dhahabu na talanta 800 za fedha. Sasa fungua 2 Wafalme 18:14. Hezekia anatozwa talanta 30 za dhahabu na talanta 300 za fedha.

Dhahabu inalingana. Fedha hailingani. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika moja kati ya mambo mawili: kwamba udongo wa Ashuru umethibitisha Biblia, au kwamba umeikanusha. Yote mawili ni ya kukimbilia. Anza na yale yanayokubaliwa na pande zote: Ashuru ilishambulia, miji ya Yuda ilianguka, Hezekia alilipa, na dhahabu ni ileile. Pande mbili zilizochukiana zinapokubaliana, una jambo imara. Kisha ingia kwenye tofauti. Mfalme wa Ashuru alikuwa na sababu ya kukuza idadi. Huenda pia fedha ilihesabiwa kwa namna tofauti, au mmoja alijumlisha vitu ambavyo mwingine aliviacha. Hayo ni maelezo yanayowezekana tu, kwa hiyo yaandike kama yanayowezekana.

Halafu sikiliza ukimya. Senakeribu hasemi popote kwamba aliiteka Yerusalemu, naye hakuwa mtu wa kuficha ushindi. Katika jumba lake la Ninawi alichongesha kutekwa kwa Lakishi kwenye mawe ya ukutani, ambayo sasa yako British Museum kule London. Lakishi ulikuwa mji wa pili kwa umuhimu, na mtu aliyeteka mji mkuu asingepamba ukuta kwa mji wa pili. Na upande wa Biblia nao una ukimya wake: Isaya 36 inasimulia habari hiyohiyo karibu neno kwa neno, lakini mistari ya Hezekia kulipa haimo. Kwa nini? Hapo una insha nzima.

Vipi kuhusu 2 Wafalme 19:35, malaika kuwaua watu 185,000? Mwanahistoria anaweza kusema kwamba mji haukutekwa, kwamba jeshi liliondoka, na kwamba watu wa Yuda walielewa hilo kuwa ni mkono wa Mungu. Kwamba ulikuwa mkono wa Mungu kweli ni ungamo la imani. Unaweza kuliungama waziwazi kwenye insha ya kuoanisha imani. Kwenye insha ya vyanzo, andika kile ambacho mwandishi wa Wafalme alisadiki, na uonyeshe jinsi imani hiyo ilivyoathiri Yuda baadaye, maana watu waliosadiki kwamba Yerusalemu haiwezi kuanguka walikuwepo mpaka ilipoanguka mbele ya Babeli.

Mfano wa pili ni maono ya Konstantino, kaisari wa Roma, kabla ya vita vya Daraja la Milvio, mwaka 312. Lactantius, mwandishi Mkristo aliyeandika miaka michache tu baadaye, anasema Konstantino aliagizwa katika ndoto aweke alama ya kimbingu kwenye ngao. Eusebi wa Kaisarea, katika Maisha ya Konstantino, aliyoyaandika baada ya kaisari kufa mwaka 337, anasema ulionekana msalaba wa nuru juu ya jua mchana, na kwamba kaisari mwenyewe alimwapia. Lakini Eusebi huyohuyo, katika historia yake ya kanisa iliyotangulia, alivisimulia vita hivyo bila maono yoyote. Na tao la ushindi lililozinduliwa Roma mwaka 315 lina maandishi yanayosema Konstantino alishinda kwa msukumo wa uungu, bila kutaja ni uungu upi. Zipange habari hizi nne kwa mfuatano wa wakati kwenye ukurasa mmoja, na utaona simulizi ikikua. Je, ilikua kwa sababu ilibuniwa, au kwa sababu kaisari alizidi kuwa huru kuisema? Ushahidi unaruhusu kubishana, na mhadhiri anataka umwonyeshe unaweza kubishana kwa adabu ya ushahidi.

Anayehofia kwamba kukosoa vyanzo ni kuudhoofisha Ukristo amtazame Lorenzo Valla. Kwa karne nyingi ofisi ya papa ilikuwa na hati iliyodai kwamba Konstantino alimkabidhi papa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Mwaka 1440 Valla alionyesha kwamba Kilatini chake si cha karne ya 4. Hati ilitaja maliwali kwa neno ambalo Warumi wa wakati huo hawakulitumia kwa maofisa wao, na ilizungumzia Konstantinopoli kama makao ya patriarki kabla mji huo haujawa hivyo. Ilikuwa ya kughushi. Miaka michache baadaye Valla akaajiriwa kuwa karani wa papa.

Mambo "yanayojulikana na wote"

Kuna mambo ambayo mwanafunzi wa chuo cha Kikristo huja nayo kutoka kanisani, kwenye video au kwa wapinzani wa kanisa, na ambayo mhadhiri huyakata kwa kalamu nyekundu kila mwaka.

Mtaguso wa Nisea wa 325 haukuchagua vitabu vya Biblia. Ulishughulikia mafundisho ya Ario (padri aliyesema kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa), tarehe ya Pasaka na nidhamu ya kanisa, na kanuni zake 20 hazina orodha ya Maandiko. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, bila pungufu wala ziada, imo katika barua ya Pasaka ya Atanasi wa Aleksandria ya mwaka 367.

Makubaliano ya Milano ya 313 hayakuufanya Ukristo kuwa dini ya dola. Yalitoa uhuru wa kuabudu kwa Wakristo na kwa wengine. Agizo la kuwataka raia waifuate imani ya Nisea lilitoka chini ya kaisari Theodosio mwaka 380. Kati ya mambo haya mawili kuna miaka 67, ambayo ndani yake alitawala Juliano, kaisari aliyejaribu kurudisha miungu ya zamani. Ukiyachanganya, huwezi kumweleza Juliano kabisa.

Upande wa pili nao una hekaya zake. Si kweli kwamba kanisa la Zama za Kati lilifundisha kuwa dunia ni bapa. Wasomi wake walijua ni mviringo, na waliompinga Columbus walibishana naye juu ya umbali, tena wao ndio waliokuwa sahihi.

Usitakase, usichafue

Vita vya Msalaba, biashara ya watumwa na ukoloni huingia katika kozi hii, na kishawishi ni kuchagua upande kabla ya kusoma. Wapo wanaotafuta kila Mkristo mwema ili kulisafisha kanisa, na wapo wanaoona kila mmisionari kuwa wakala wa serikali. Dawa ni kushika mtu mmoja au waraka mmoja na kukaa nao.

Mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo anafaa sana. Baba yake, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka 1491, na Afonso mwenyewe alikuwa Mkristo aliyejenga shule na kuandikiana barua na wafalme wa Ureno. Mwaka 1526 alimwandikia João wa Tatu akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake, hata watoto wa wakuu na ndugu zake mwenyewe, na kuwauza. Mfalme Mkristo anamshtaki kwa mfalme Mkristo mwizi ambaye naye ni Mkristo. Na haiishii hapo, kwa kuwa Afonso pia aliuza mateka wa vita. Alipinga kukamatwa kwa watu huru wa Kongo. Ukisoma barua hizo, sentensi za aina ya "Ukristo ulileta utumwa" au "Ukristo uliondoa utumwa" zinakuwa nyepesi mno kubeba kilichotokea.

Kwa dini nyingine kanuni ni hiyohiyo: zisome kwa maneno ya wafuasi wake kabla ya maneno ya wapinzani wake. Kwa madhehebu nayo, jipime hivi. Je, Mkatoliki, Mwothodoksi au Mpentekoste akisoma maelezo yako ya msimamo wake, atakubali kwamba ndivyo anavyoamini? Kama hatakubali, hujaanza kumpinga, umepinga kivuli. Semina ya mfarakano wa 1054 kati ya kanisa la Magharibi na la Mashariki ndiyo huonyesha jambo hili upesi. Hati za kutengana zilitolewa mwaka ule, lakini Waorthodoksi wengi watakuambia kidonda chenyewe ni 1204, pale wapiganaji wa Msalaba walipoupora mji wa Konstantinopoli.

Na Ukristo wenyewe usiuandikie njia moja tu ya kwenda Roma, kisha Wittenberg. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alipiga sarafu zenye msalaba katika karne ya 4. Jiwe lililosimamishwa Xi'an nchini China mwaka 781 linasimulia kuwasili kwa mhubiri Alopen kutoka magharibi mwaka 635. Aya moja yenye mambo haya huonyesha msahihishaji kwamba umeelewa neno "dunia" kwenye jina la kozi.

Kuandika insha

Soma kitenzi cha swali kwanza. "Eleza" inataka sababu na mfuatano. "Linganisha" inataka vigezo vilevile kwa pande zote mbili. "Kwa kiasi gani" inataka kipimo, na jibu la "kabisa" au "hata kidogo" ni nadra sana kuwa sahihi. Hitilafu ya kawaida kuliko zote ni kusimulia pale ulipotakiwa kujenga hoja. Jipime kwa kusoma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake. Zikisomeka kama kalenda ("Mwaka 1517… Mwaka 1521…"), umesimulia.

Tuseme swali ni: kwa nini Martin Luther alifanikiwa pale wengine waliposhindwa? Hoja dhaifu: "Luther alifanikiwa kwa sababu alikuwa jasiri na alisema kweli." Jan Hus, mhubiri wa Bohemia (Ucheki ya leo), naye alikuwa jasiri, na aliikosoa biashara ya rehema (kuuza msamaha wa adhabu za dhambi) miaka mia moja kabla yake. Hoja yenye nguvu huanzia kwenye ulinganisho huo. Wote wawili walikwenda kuhojiwa wakiwa na hati ya kuhakikishiwa usalama, Hus kutoka kwa mfalme Sigismund, Luther kutoka kwa kaisari Karl wa Tano. Hus alichomwa moto Konstanz mwaka 1415. Luther aliondoka Worms akiwa hai mwaka 1521, na mtawala wake, Friedrich wa Saksonia, akamficha katika ngome ya Wartburg. Nini kilikuwa kimebadilika? Mitambo ya uchapaji ilikuwa imeenea tangu Gutenberg, karibu 1455, na Luther alikuwa na mlinzi aliyekuwa na kura katika kumchagua kaisari.

Usiishie hapo. Tafuta ukweli unaoisumbua hoja yako uuweke ndani ya insha mwenyewe, kabla msahihishaji hajauweka pembeni kwa alama ya kuuliza. Hapa upo: wafuasi wa Hus kule Bohemia walizishinda vita za msalaba zilizotumwa dhidi yao kati ya 1420 na 1431, bila uchapaji wowote. Basi uchapaji hauelezi kwa nini vuguvugu lilinusurika. Unaeleza vizuri zaidi kwa nini lilienea nje ya nchi moja. Hoja yako imepungua upana na kuongezeka ukali, na insha ya namna hii ndiyo hupewa daraja la juu.

Kwa insha ya maneno 1,500, utangulizi usizidi 150, hoja kuu ikiwa ndani yake. Aya 5 za maneno 200 hadi 250 zibebe ushahidi, na moja kati yake iwe ya kipingamizi. Andika hitimisho mwisho, kisha rudi ulinganishe na utangulizi. Mara nyingi hoja halisi huzaliwa kwenye hitimisho la rasimu ya kwanza, na kazi inayobaki ni kuipandisha juu na kuandika upya. Ndiyo maana rasimu inayokamilika usiku wa kuamkia siku ya kukusanya haiwezi kuwa nzuri: haina nafasi ya kuandikwa upya.

Idara za historia kwa kawaida hutaka tanbihi chini ya ukurasa, wakati idara ya saikolojia jirani inataka jina na mwaka ndani ya mabano. Uliza, usikisie. Biblia hutajwa kwa kitabu, sura na mstari, na mara ya kwanza taja tafsiri uliyotumia. Usinukuu mstari kama ushahidi wa jambo lililotokea karne kumi baada ya mstari huo kuandikwa. Mstari unaweza kuonyesha walichoamini watu wa baadaye endapo unaweza kuthibitisha waliunukuu. Ukitumia programu ya akili bandia kutafuta vitabu, hakikisha kila kitabu kipo kwenye orodha ya maktaba na ukurasa unasema unachodai, kwa sababu programu hizo hutunga majina ya vitabu kwa ujasiri mkubwa.

Mtihani

Kwa mtihani wa saa 3 wenye insha 3, tumia dakika 10 kusoma karatasi yote na kuchagua, kisha dakika 50 kwa kila insha, 8 za kwanza zikiwa za kupanga. Insha mbili nzuri na moja tupu hushindwa na tatu za wastani, kwa hiyo dakika 50 zikiisha, acha nafasi uhame. Usichague swali kwa sababu unalipenda. Chagua lile ambalo unaweza kulitajia ushahidi wa aina tatu tofauti, mfano barua, sarafu na jengo.

Maandalizi yanayofaa ni kupanga insha, zaidi ya kusoma tena daftari. Chukua maswali ya miaka iliyopita, weka saa dakika 8, andika hoja kuu, aya tano kwa mistari, na kipingamizi. Fanya mawili kwa siku kwa wiki mbili. Utagundua haraka mahali ambapo una maoni bila ushahidi.

Dakika 20 zinazobaki mwishoni ni za ukaguzi. Pitia kila tarehe uone kama KK imekaa panapostahili, angalia kama karne inalingana na mwaka, na ufute kila sentensi inayodai kujua nia ya Mungu pale swali lilipouliza nia ya mfalme.